Imani, Utii na Amana: Msamiati wa Jamaa ya Kolwezi na Mashimo ya Kasulo

Makala haya yanachunguza swali moja: je, katika mafundisho ya Jamaa, utii wa kimaadili unatokana na amri au na imani? Jamaa ni uamsho wa Wakatoliki ulioanza miaka ya 1950 miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, chini ya Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu. Mafundisho hayo yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, na Johannes Fabian aliyachambua katika kitabu alichokichapisha mwaka 1971.

Dhana kuu ya mafundisho ni umuntu, nao hufafanuliwa kwa maneno uzima, uzazi na mapendo. Hakuna hata moja kati ya maneno haya lililo la amri. Methali yetu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," huujenga utii juu ya hofu ya kuumia. Jamaa iliujenga juu ya kukutana: mume na mke, padre na mwumini, wafahamiane kwanza, na mwenendo mwema utazaliwa humo. Anayemwamini Mungu hutii kwa kuwa amependwa.

Hapo ndipo penye nguvu ya mafundisho haya, na ndipo penye upungufu wake. Katika miaka ya 1970 uhusiano wa Jamaa na uongozi wa Kanisa uliharibika, na baadhi ya vikundi vikajitenga. Ni rahisi kuuona mgogoro huo kuwa wa madaraka tu. Sisi tunaona pia pengo la msamiati: mapendo yanamhusu yule niliyekutana naye, je, nina wajibu gani kwa yule nisiyemwona?

Mtaa wa Kasulo, hukohuko Kolwezi, unalifanya swali hili kuwa zito. Mwaka 2014 mawe yenye kobalti yaligunduliwa chini ya makazi. Watu wakachimba katika viwanja vyao, hata ndani ya nyumba, na mahandaki yakapita chini ya nyumba za wengine. Tumfikirie mchimbaji anayeshuka akisema, "Mungu atanilinda." Tumaini lake ni la kweli. Lakini juu ya kichwa chake amelala mtoto wa jirani, asiyejua kuwa ardhi imetobolewa. Tumaini linamwomba Mungu amhifadhi mchimbaji. Nani atamhifadhi mtoto?

Kiswahili kina jibu ambalo Jamaa haikulitumia. Imani, uaminifu na amana ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Aliye na imani ni mtu anayeweza kuwekewa amana, nayo hutunzwa hata mwenyewe asipokuwepo. Kwa maana hii utii ni imani yenyewe inapomgeukia jirani. Wala swali hili halimwelekei mchimbaji maskini peke yake. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ilipoikabidhi kampuni ya Congo Dongfang Mining sehemu ya Kasulo, na familia zikahamishwa, waliotoa na waliopokea walishika amana ileile.

Mafundisho ya Jamaa yamesomwa zaidi na wanaanthropolojia. Ni wakati wanafunzi wa Kiswahili nao wayasome, kwa kuwa hoja zake zimo katika maneno.