Wanaolisoma Vumbi

Anayetazama Safari Rally kando ya barabara huliona gari kwa sekunde chache tu. Linachomoza kwenye kona, linapita likirusha kokoto, vumbi linawafunika watu wote, kisha kimya. Mgeni huuliza papo hapo: nani anaongoza? Hapo ndipo kazi ya mshabiki inapoanza, kwa sababu jibu halimo katika gari lililopita. Aliyetangulia huenda ni wa tano, na yule wa sita, aliyejaa matope hadi kiooni, huenda ndiye kinara. Magari haya hayafukuzani ana kwa ana. Kila moja linashindana na saa. Kuyafuata mashindano ya namna hiyo kwa siku kadhaa bila kupotea ni ustadi mkubwa, na sidhani kama umewahi kusifiwa inavyostahili.

Msingi wake ni hesabu ya kutoa. Magari huondoka moja baada ya jingine kwa nafasi inayojulikana. Tuseme dakika tatu. Umesimama kilomita kumi ndani ya mkondo, yaani kipande cha njia kinachopimwa muda, na gari la pili linapita dakika mbili na sekunde 40 baada ya la kwanza. Basi dereva huyo amekwisha kuchuma sekunde 20. Likipita baada ya dakika tatu na nusu, kuna jambo limempata, na mshabiki hodari hatosheki na tofauti hiyo mpaka aione sababu. Ataitafuta kwenye gari lenyewe katika zile sekunde chache: limeinama upande mmoja wa nyuma, injini inakohoa, au mwelekezi ameinua kichwa wakati alipaswa kuwa ameinamia daftari lake akimsomea dereva kona zinazofuata.

Ustadi huu ulizaliwa wakati ambapo hapakuwa na namna nyingine ya kujua. Mashindano yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Washindani walikutana na malori, mabasi, ng'ombe na watu waendao sokoni. Kila sehemu ya njia ilipewa muda wake, anayechelewa alitozwa pointi za adhabu, na mwenye pointi chache zaidi ndiye aliyeshinda. Katika miaka ya fahari yake njia ilizidi kilomita 5,000, wikendi ya Pasaka, masika yakiwa yanaanza, usiku na mchana. Mtu aliyesimama njiani aliona kipande kidogo mno. Kilichobaki alikijenga kichwani kwa taarifa za redio, orodha ya namba za magari iliyochapishwa gazetini, na saa ya mkono.

Naistaajabia sana hiyo kazi ya kujenga. Fikiria mtu wa Voi ambaye magari yamempitia usiku wa manane, na sasa yamekwenda mamia ya kilomita kutoka kwake. Anajua nani alipita na saa ngapi. Anajua mvua imenyesha wapi, na udongo mweusi wa pamba ukilowa humfanya nini dereva mwenye haraka. Redio inamtajia majina matatu. Kwa majina hayo matatu na maarifa yake ya barabara anakisia hali ya magari mengine yote, na taarifa inayofuata inamsahihisha. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yaliondoka yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Aliyekuwa na orodha na kalamu miaka hiyo alikaa kutwa akikata majina, na kila jina lililokatwa lilibadili thamani ya yaliyosalia.

Ndiyo maana mashujaa wa washabiki hawa hawakuwa wenye kasi tu. Bert Shankland aliyetoka Tanzania alishinda 1966 na 1967, naye pia kwa Peugeot 404. Joginder Singh, ambaye wananchi walimwita Simba, alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini wanaoijua Safari hukutajia kwanza kwamba aliingia mara 22 akamaliza mara 19. Kumaliza mara 19 katika njia ile! Sifa hiyo haionekani kwenye kona moja, hata ukae hapo mwaka mzima. Ni mtu aliyeweka kumbukumbu miaka nenda miaka rudi anayeweza kuiona.

Na kuna mwaka ambao hesabu yenyewe ilikuwa mchezo mzima. Mwaka 1973 Shekhar Mehta katika Datsun 240Z na Harry Källström katika Datsun 180B walifika mwisho wakiwa na pointi sawasawa, baada ya maelfu ya kilomita. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Maana yake ni kwamba dakika iliyopotea mapema, wakati watu wengi wanadhani mashindano bado hayajaanza, ndiyo iliyoamua. Mehta aliendelea kushinda mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, na ushindi wake wa mara tano haujafikiwa na mtu mpaka leo.

Vifaa vilipobadilika, usomaji nao ukabadilika. Timu kubwa zilipoanza kutumia helikopta kutangulia magari, ili rubani amwonye dereva kuhusu mifugo na malori mbele yake, mshabiki alipata ishara mpya: ukisikia helikopta, gari haliko mbali. Baada ya 2002 Safari ikatoka katika ubingwa wa dunia, ikarudi 2021 ikiwa imegeuzwa umbo. Sasa mikondo ni mifupi, imefungwa kwa magari mengine, na mingi yake iko kandokando ya maziwa ya Naivasha na Elmenteita. Muda wa kila gari unasomeka kwenye simu. Ungedhani mshabiki mwenye saa na daftari lake hana kazi tena.

Niliketi karibu na mmoja wa washabiki hao huko Soysambu, kwenye mkondo wa Sleeping Warrior, unaoitwa kwa jina la kilima kinachofanana na shujaa aliyelala chali. Mzee wa makamo, kofia ya mkonge, daftari la shule lenye mistari aliyoichora mwenyewe, kalamu ya bluu na nyekundu. Kabla ya gari la kwanza alitumia muda mrefu akitazama majani. Nilipomuuliza, akasema asubuhi upepo haujaamka, kwa hiyo vumbi litaning'inia na anayefuata atateseka. Adhuhuri upepo ukianza kuvuma litapeperushwa upande wa ziwa. Akawahamisha vijana waliosimama ukingo wa nje wa kona, kwa upole lakini bila kuwapa nafasi ya kubisha, maana gari likishindwa kukata kona ndiko linakokwenda. Magari yalipoanza kupita nikamwambia, "Mzee, huyo si Takamoto Katsuta?" Akajibu macho yakiwa kwenye saa: "Jina utaniambia baadaye, kijana wangu. Sasa nipe namba."

Alinifundisha mambo ambayo simu haikunionyesha. Siku ya kwanza dereva anayeongoza msimu huondoka mbele, akawafagilia wenzake vumbi na changarawe, hivyo kupoteza sekunde kadhaa si aibu kwake. Siku zinazofuata wanaoongoza mbio huondoka nyuma ya wenzao wa kundi la juu, na hapo anayesema barabara ilimwangusha anahitaji kusikilizwa kwa makini zaidi. Kule kwenye mkondo wa Kedong kuna vumbi la volkano lililo laini kama unga wa ngano, linaloficha mawe chini yake. Gari likipita hapo taratibu huenda dereva amefanya uamuzi wa busara kuliko wote. Mzee aliandika "amejizuia" mbele ya namba moja, kwa nyekundu. Simu iliandika tu kwamba amepoteza muda.

Neno hilo, kujizuia, ndilo lililonirudia nilipoikumbuka Safari ya 2021. Thierry Neuville aliingia Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Kwenye mkondo wa kwanza wa asubuhi hiyo, Loldia, gari lake la Hyundai likaharibika sehemu ya nyuma inayozuia mtikisiko, na uongozi ukamponyoka. Sébastien Ogier, aliyekuwa amepoteza muda mwingi siku ya Ijumaa, akashinda, Takamoto Katsuta akafuata. Mwenye kutazama orodha ya muda peke yake aliona bahati mbaya. Aliyekuwa na daftari alikuwa na siku mbili za maandishi ya kurejelea: nani alilipiga gari wapi, kwa mwendo gani, juu ya mawe ya namna gani, na nani aliliacha lipumue.

Mikondo mingi hupitwa mara mbili kwa siku, na washabiki hawa huupenda zaidi mzunguko wa pili. Magari ya asubuhi yamekwishachimba mifereji, mawe yaliyofukiwa yamejitokeza, na kona iliyokuwa rahisi saa tatu si rahisi tena saa nane. Kwa hiyo wakati wa mapumziko, wengine wakichoma nyama na muziki ukiwa juu, mzee yule na wenzake wawili waliomba ruhusa ya msimamizi, wakatembea kando ya njia wakitazama mifereji, wakabishana kuhusu jiwe moja lililotokeza upande wa kushoto. Mmoja alishikilia kwamba madereva watalikwepa kwa ndani. Mzee akasema wa kwanza atalikwepa, wa tatu atakuwa na vumbi machoni na hataliona. Wakaamua kuhamisha viti vyao mita 200 mbele, mahali ambapo gari lililogonga jiwe lile lingekuwa limeshaanza kuonyesha madhara, wakachora mistari mipya kwenye kurasa zao, wakalinganisha saa zao tatu hadi sekunde, wakaketi kungoja.