Heko kwa Winifred, Meli ya Ziwa

Ukisimama ufukweni Lamadi, Wilaya ya Busega, unaitazama Ghuba ya Speke, dirisha pekee la Mkoa wa Simiyu kwenye Ziwa Victoria. Wengi huku Bariadi hatujui kwamba ziwa hili lilipiganiwa na meli za vita. Mojawapo ilikuwa Winifred, meli ya Waingereza, na inastahili sifa zake.

Haikuundwa kwa vita. Iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari hadi Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu. Hapo mafundi waliiunganisha upya, bati kwa bati, ribiti kwa ribiti, na mwaka 1902 ikashushwa majini kubeba abiria na mizigo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914, ilifungwa mizinga. Septemba mwaka huo ilipeleka askari Karungu, upande wa Kenya ya leo, ikakutana na meli ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Muansa. Ilizidiwa, ikarudi nyuma, lakini baada ya siku chache ilirejea pamoja na Kavirondo, na safari hii Mjerumani ndiye aliyeondoka. Juni 1915 ilikuwa katika msafara uliotoka Kisumu kuishambulia Bukoba, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani.

Nyuma ya kila safari walikuwapo wachochezi wa tanuru na mabaharia, wengi wao Waafrika ambao vitabu havikuwataja. Pongezi za Winifred ni zao kwanza. Walimu wa historia wa Simiyu, wafundisheni watoto habari hii: vita vile vilifika hadi kwenye maji yetu.