Alama ya mtoto ao jina la yaya yake?



Tunazoea kusema kwamba kule Ulaya mtoto anaingia shule kwa akili yake tu. Hebu tuangalie Uingereza. Kuko shule za serikali 163 zinazoitwa grammar school. Mzazi halipi minervali, lakini mtoto anafanya testi akiwa na miaka 10 ao 11. Tangu sheria ya 1998 hakuna ruhusa ya kufungua zingine mpya. Nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi.

Wanachaguaje? Shule zingine zinapanga watoto kufwatana na alama, kuanzia juu, mpaka nafasi ziishe. Zingine, kama nyingi za Kent, zinaweka alama ya kupita. Wote walioifikia wanahesabiwa sawa, kisha shule inaangalia mengine: kwanza watoto wanaolelewa na serikali, halafu mara nyingi mwenye kaka ao dada ndani ya shule, halafu umbali wa nyumba. Hii njia ya pili njo ninaikosoa.

Sababu yake ninaielewa, na si ya kijinga. Mzazi wa watoto watatu hawezi kujigawanya asubuhi kwenda pande tatu. Tena mdogo hapiti bila testi. Kwa shule ya mtaa, inayopokea kila mtoto, ninakubali mia kwa mia.

Lakini shule ya kuchagua ni kitu kingine. Tuseme iko na nafasi 150, na 50 zinakamatwa na wadogo. Mtoto wa kwanza ao mtoto wa pekee anashindania 100 zinazobaki. Anaweza kuwapita wale wadogo kwa alama na bado akabaki inje, juu nyumba yao iko mbali. Kosa lake ni gani? Hakuna aliyemtangulia. Jamaa moja inafunguliwa mlango na testi moja ya mkubwa, ingine inaanza upya kila mara. Sisi wa kilimo tunajua: ukimwagilia kila siku tuta lililo karibu na kisima, usishangae la mbali kukauka.

Hata hivyo, Waingereza wanatushinda kwa jambo moja. Kanuni yao inalazimisha shule kuandika wazi nani ni ndugu: je, mtoto wa baba wa kambo anahesabiwa? Aliyelelewa tu je? Kwetu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, wa shangazi ni ndugu, hata wa kijiji kimoja ni ndugu. Na mara ngapi tumesikia, mbele ya ofisi ya prefe, « yaya yake anasoma hapa »? Neno pana hivi, bila karatasi yoyote, linakuwa mlango wa kila anayejuana na mkubwa.

Pendekezo langu ni fupi. Alama zitangulie. Undugu utumike tu kama watoto wawili wamelingana kabisa, na maana yake ibandikwe ukutani mbele ya testi. Mzigo wa mzazi ni wa kweli, lakini dawa yake ni basi la shule. Isiwe kiti cha mtoto wa mwingine.

Wazazi na walimu walio kati yetu, mnaona namna gani?