Jeraha la utotoni halitoshi kueleza kisu cha muuaji

Hapa Kakamega, mpe mwanafunzi wa fasihi riwaya ya muuaji wa mfululizo, na kalamu yake itamkimbilia Sigmund Freud: idi imeishinda ego, supaego imelala, kesi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza!

Chukua Red Dragon (1981) ya Mmarekani Thomas Harris. Francis Dolarhyde alizaliwa na mdomo uliopasuka, mamake akamtelekeza, akalelewa na nyanya aliyemtishia kumkata uume kwa makasi. Ukubwani anaangamiza familia nzima mwezi unapokuwa mpevu, baada ya kuzichagua kwenye filamu za nyumbani zinazopitia mikononi mwake kazini.

Uchanganuzi nafsia una la kusema hapa. Mwaka wa 1920, Freud alidai kwamba maumivu yaliyozikwa katika ung'amuzi bwete humsukuma mtu kuyarudia badala ya kuyakumbuka. Basi Dolarhyde hatosheki kwa sababu kila familia anayoiua inasimama mahali pa ile iliyomkana, na kuua hakumrudishii kitu.

Lakini hebu mlinganishe na Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Babake, Zakaria, anamchapa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Akishaponyoka macho ya baba, Rosa naye anarudiarudia: mwanamume huyu, kisha yule, hadi anajiua. Jeraha lipo, mrudio upo, ila ukatili unamgeukia mwenyewe. Nadharia ile ile inawaeleza wote wawili, na hapo ndipo inapopwaya. Inaonyesha jeraha; haisemi ni kwa nini mmoja awashikie wengine kisu na mwingine ajimalize.

Harris mwenyewe anatuachia mlango wazi. Dolarhyde anapompenda Reba McClane, mwanamke kipofu, anahangaika asimdhuru. Anafika hadi kuila picha ya William Blake inayomtawala akilini. Anashindwa, ndiyo, lakini mtu asiye na hiari hahangaiki hivyo. Mhakiki anayeishia kwa nyanya na makasi yake anaziruka kurasa hizo, na pamoja nazo anaziruka familia zilizouawa, zikabaki kuwa dalili tu za ugonjwa wa mtu mwingine.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akuavyo, si auavyo. Tuulize nani alimuumiza muuaji, sawa. Kisha tuulize aliamua nini, lini, na nani alilipa.