Songo Mnara kwa Hesabu ya Mwezi

Tulimpigia nahodha simu siku ya Jumatatu tukiwa Dar es Salaam, tukamwambia tunataka Jumamosi. Ratiba tulishaiandika: chai Kilwa Masoko, saa 2 asubuhi tuvuke Kilwa Kisiwani tukaone Msikiti Mkuu na Gereza, saa 4 tuelekee Songo Mnara, jioni turudi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo Jumamosi mwezi utakuwa wa ngapi?" Tulikuwa watu sita kwenye simu ile, na hakuna aliyejua.

Ulikuwa mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Kwa hiyo ratiba yetu ilikuwa imevunjika kabla hatujafunga mizigo, na inafaa kueleza kwa nini, maana wengi wanaopanga safari fupi za visiwani huanza na kalenda ya ukutani, kisha hoteli, kisha kamera, na maji huyakumbuka wakishafika ufukweni.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina huku Kilwa hufika mita 3 hivi. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Ukilijua hilo moja, mengine ni kujumlisha. Mwezi tano ni siku nne baada ya mwezi mosi. Nne mara 50 ni dakika 200. Basi maji yatajaa saa 1 na dakika 20 asubuhi. Hesabu hii si ya dakika kwa dakika, na jedwali la maji au programu ya simu litakupa jibu la karibu zaidi. Faida yake ni kwamba unaweza kuifanya kichwani ukiwa umelala.

Ina mtego mmoja. Wenyewe tunajua tunavyogombana juu ya kuandama kwa mwezi, huyu amefunga leo, yule kesho. Kwa mvuvi ugomvi huo una thamani ya dakika 50. Ndiyo maana nahodha wetu alipotaja mwezi alikuwa ameshaangalia pia mstari wa maji kwenye nguzo za gati.

Sasa rudi kwenye Jumamosi yetu. Saa 4 asubuhi, wakati tuliotaka kuondoka Kisiwani, maji yangekuwa yamekauka. Kisiwani kwenyewe hakuna tabu, bandari ina kina kirefu na ndiyo iliyoutajirisha mji ule. Tabu iko Songo Mnara. Unakoshukia ni maji machache, mikoko na tope. Chombo husimama mbali, na watu humalizia kwa miguu. Tungefika saa 6 mchana maji yakiwa yamepanda robo tu. "Inawezekana," alisema nahodha, "vijana watatembea." Lakini katika msafara alikuwamo mama yetu mmoja, mtu mzima mwenye goti bovu, naye ndiye aliyeitaka safari kuliko sote.

Nahodha akaipindua ratiba mara mbili. Kwanza siku: badala ya Jumamosi, Alhamisi inayofuata, mwezi sita, maji yanajaa saa 2 na dakika 10 asubuhi. Pili mpangilio: kule mbali kwanza, karibu baadaye. Kuondoka Masoko saa 12 alfajiri, mwendo wa saa mbili kwa mashine, kufika maji yakiwa juu. Wawili kati yetu walilalamikia ruhusa za kazini. Walizipata.

Mbona si mwezi nane, maji yajae saa 4 kasoro dakika 10, tulale kidogo? Kwa sababu hapo umeingia kwenye maji mafu. Yanajaa saa nzuri, lakini hayajai sana, na unaweza kufika kwa wakati ukakuta kina hakikutoshi. Mwezi sita ni suluhu ya katikati.

Jambo la tatu lilikuwa muda wa kukaa. Manahodha wengi huenda kwa mazoea, lakini nyuma ya mazoea yao ipo kanuni. Gawa tofauti ya kina mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa, maji hushuka fungu 1. Ya pili, 2. Ya tatu na ya nne, 3 kila moja. Ya tano, 2. Ya sita, 1. Maana yake saa mbili za mwanzo huondoka robo tu, kisha saa mbili zinazofuata huondoka nusu nzima. Siku ile, kwa tofauti ya kama mita 2, tulikuwa na nusu mita ya kupoteza mpaka saa 4 na dakika 10. Baada ya hapo bahari hukimbia, na mashua iliyolala topeni husubiri maji ya usiku.

Upepo haukutusumbua, na hilo pia lilipangwa. Ilikuwa Septemba, kusi limeanza kuchoka. Songo Mnara iko kusini mwa Masoko, kwa hiyo ulikuwa upepo wa omo, wa mbele, wakati wa kwenda, asubuhi, bado mchanga, na wa tezi, wa nyuma, wakati wa kurudi ulipopata nguvu. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka, na kurudi ndiko kunakolowanisha watu. Kibali cha magofu tulikikata Masoko jana yake. Mafuta tuliyagawa theluthi: dumu la lita 10 la kwenda, la kurudi, na la akiba. Jaketi za kujiokolea tulizihesabu na kuzivaa, si kuzikalia.

Tulifika saa 2 kasoro kidogo. Nahodha alisogeza chombo mpaka kati ya mikoko, mama akashuka maji yakimfika magotini, akapanda mchangani bila kushikwa. Kabla hajatufuata, nahodha alichomeka kijiti ukingoni mwa maji.

Ndani ya kuta za Songo Mnara kuna misikiti mitano, jumba la kifalme na nyumba 30 na zaidi za matumbawe, kazi ya karne ya 14 na 15. Saa mbili hazitoshi, nakiri. Mwenzetu mwenye kamera alikawia kwenye mihirabu hadi tukamwita mara tatu. Tulipotoka kijiti kilikuwa nchi kavu, hatua kumi kutoka majini, na nahodha alishaitoa mashua mbele, amesimama maji yakimfika kiunoni, ameishika.

Kisiwani tulifika mchana, tukazunguka bila kutazama saa. Dumu la tatu lilirudi Masoko halijafunguliwa. Nahodha alilibeba begani akaenda nalo, nasi hatukuliulizia.