Gamba la Nyoka: Je, Wanakijiji Wanaukataa Ujamaa?

Wanafunzi wetu wanapoulizwa kuhusu msimamo wa Euphrase Kezilahabi katika riwaya ya Gamba la Nyoka (1979), wengi hujibu kwa sentensi moja tu: mwandishi anaupinga Ujamaa, na wananchi wanaupinga pia. Jibu hilo hupata alama, kwa sababu ndivyo tulivyowafundisha. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo ni pungufu, na kwamba upungufu huo umeanzia kwetu walimu.

Kwanza tuitazame historia. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Ujamaa Vijijini, akisisitiza kuwa vijiji vya Ujamaa vianzishwe kwa hiari ya watu wenyewe. Novemba 1973 mambo yakageuka: kuishi vijijini kukawa amri, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Kwa hiyo neno moja, Ujamaa, likabeba mambo mawili: wazo la udugu na usawa, na amri ya kuhama.

Riwaya imesimama hasa katika ufa huo. Watu wa Kisole wanapambana na waliokuja kuwahamisha. Wanatetea nini? Wanatetea makazi yao na haki ya kuamua wenyewe mahali pa kuishi. Hawautetei ubepari, wala hawajachoka kusaidiana. Anayekataa kusukumwa hajakataa safari.

Hebu tuwalinganishe na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), riwaya ya mwandishi huyohuyo. Tumaini anapoona mali yake inamponyoka, anamuua kiongozi wa serikali. Pingamizi lake ni la mwenye mali. La Kisole ni la mkulima aliyeamrishwa. Mwanafunzi anayeyaweka mapingamizi haya mawili katika kapu moja hajasoma riwaya hata moja kati ya hizo, amesoma muhtasari.

Yupo atakayesema kwamba jina la riwaya linatosha kuthibitisha upinzani. Mimi sioni hivyo. Nyoka akivua gamba hubaki nyoka, na swali linalozuka ni kama kilichobadilika ni sura au mwenendo. Hilo ni swali kwa watekelezaji. Halihukumu wazo lenyewe.

Maoni ya wananchi hayajawahi kuwa ya ndiyo au hapana tu. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, zaidi ya robo tatu ya waliojitokeza walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Lakini miongoni mwao wapo waliotaka mfumo huohuo urekebishwe. Aliyehesabu kura bila kusikiliza maelezo angepata nusu ya habari. Tume ilipendekeza vyama vingi, na vikaruhusiwa mwaka 1992. Katiba ya Tanzania nayo, pamoja na mabadiliko yote ya uchumi, bado inaitaja nchi hiyo kuwa ya kijamaa. Wapo wanaoliona neno hilo kuwa mzaha, na wapo wanaolishika kama ahadi inayodaiwa.

Sisi wa Uganda tusidhani kwamba hayo ni ya jirani peke yake. Tulikuwa na Hati ya Mwananchi wa Kawaida ya mwaka 1969. Jeshi lilipomwondoa Obote madarakani Januari 1971, Hati hiyo ikazimika naye. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza, "Watu walikataa nini hasa?" atalichunguza tukio hilo vizuri zaidi kuliko aliyezoea kuandika "walipinga".

Ninapendekeza, basi, tubadilishe swali la mtihani. Badala ya kuuliza msimamo wa mwandishi kuhusu Ujamaa, tumtake mwanafunzi ataje nani anapinga, anapinga jambo gani, na anatumia maneno gani. Usahihishaji utakuwa mgumu zaidi, na mwongozo wa kununua hautamsaidia mtu. Lakini tukiendelea na swali la zamani, tutakuwa tunawafanyia watu wa Kisole kilekile walichofanyiwa riwayani: kuwaamulia mahali pa kusimama bila kuwasikiliza.