Malkia Aliyetupwa: Namna ya Kuipima Hadaa ya Walinzi Katika Briji

Msomaji aliyekulia barazani anayajua majina: ree, turufu, kopa, uru, pau, shupaza. Mengi ya majina hayo yalishuka pwani yetu pamoja na Wareno, waliosema copas, ouros, paus na espadas. Karata za briji ni hizohizo 52, na watu wanne huketi wawiliwawili wakielekeana. Mnada ukiisha, mmoja wao anabaki na mkataba wa kula idadi fulani ya duru kati ya 13. Mwenzake analaza karata zake mezani, zionwe na wote; upande huo tutauita meza. Wapinzani wao wawili ni walinzi, na kazi yao ni kuuvunja mkataba huo.

Mwenye mkataba anaziona karata zote 26 za upande wake. Asichokijua ni jinsi zile 26 nyingine zilivyogawanyika, na kila karata anayoiangusha mlinzi ni habari. Mlinzi wa kawaida huitoa habari hiyo bure. Mlinzi fundi huichagua.

Tutazame mfano mmoja kwa makini, maana ukiuelewa huu utaelewa sehemu kubwa ya sanaa yenyewe. Mezani pana kopa tatu: ree, ghulamu na 6. Mwenye mkataba ana mfalme, 9, 3 na 2, na anahitaji kula duru nne za kopa. Mlinzi wa Magharibi, anayecheza kabla ya meza, ana malkia, 10 na 5. Wa Mashariki ana 8, 7 na 4.

Mwenye mkataba anatoa 2, Magharibi anaweka 5, meza inaweka ghulamu, Mashariki anaweka 4. Ghulamu anakula. Sasa kila aliyeketi pale anajua kwamba malkia yuko Magharibi, kwani Mashariki angekuwa naye angemla ghulamu. Inafuata ree kutoka mezani. Mashariki anaweka 7, mwenye mkataba anaweka 3. Magharibi aweke nini? Mkono wa mchezaji wa kawaida unakwenda wenyewe kwenye 10, kwa kuwa malkia ni mkubwa na mkubwa hulindwa. Akifanya hivyo amekwisha: duru ya tatu mfalme atamwangusha malkia, na ile 9 italiwa bila upinzani.

Fundi anamtupa malkia.

Meza inatoa 6, Mashariki anaweka 8, na mwenye mkataba, mwenye mfalme na 9 mkononi, ana swali ambalo dakika moja nyuma hakuwa nalo. Pengine Magharibi alikuwa na malkia na 5 tu, na 10 iko Mashariki. Basi 9 itakula. Pengine 10 iko kwa Magharibi. Basi sharti aweke mfalme. Hata bingwa anayeijua hila hii haponi, kwa sababu Magharibi mwenye malkia na 5 pekee angemtupa malkia huyohuyo, tena kwa kulazimika. Akiweka 9, Magharibi anaila kwa 10 na mkataba unavunjika.

Jambo la kwanza ninalolipima, basi, ni swali. Je, karata ile imemfungulia mwenye mkataba njia ya kupotea ambayo hakuwa nayo? Kama njia yake ilikuwa moja kabla na imebaki moja baadaye, hakuna kilichofanyika, hata watazamaji wakipiga makofi. Papo hapo tazama gharama. Malkia yule alikuwa amekwisha julikana na angekufa duru ya tatu, kwa hiyo kumtupa mapema hakukupoteza kitu. Hadaa inayotoa karata yenye kazi ili kumchezea mtu akili ni bahati nasibu, na mimi siihesabu kuwa ufundi hata ikifaulu.

Jambo la pili ni mwenzako. Uongo wako unasikika pande zote mbili za meza. Mwenzako ameanza na shupaza ndogo, nawe una mfalme na malkia. Desturi inakutaka uweke malkia, ile ya chini kati ya zinazolingana. Ukiweka mfalme ili kujificha, mwenzako ataamini kwa hakika kwamba malkia yuko kwa mpinzani, na akipata zamu hatarudi kwenye shupaza. Umemdanganya mtu asiyestahili. Wengi wanaojiona wajanja hukosea hapa, na mwisho wa mchezo humlaumu mwenzao.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, nalo halimo kwenye karata. Mezani pana uru tano: ree, malkia, ghulamu, 10 na 5, na hakuna njia nyingine ya kuingia meza ile. Mwenye mkataba ana uru mbili tu. Anacheza moja, meza inaweka malkia. Wewe uko Mashariki una mfalme, 8 na 3. Ukila sasa, uru yake ya pili itamfikisha mezani naye atazila zote zilizobaki. Ukiweka 3 kwa utulivu, ataamini mfalme yuko upande wa pili, atarudi mkononi mwake na kujaribu tena; hapo utakula, na meza itakuwa imekufa. Lakini ukisita sekunde mbili tu, umeshamwambia kila kitu. Uamuzi huo ulipaswa kufanywa pale karata za mezani zilipolazwa.

Sheria ziko wazi juu ya hili. Kanuni ya 73 ya briji ya mashindano, toleo la 2017, inaruhusu kumhadaa mpinzani kwa karata. Inakataza kumhadaa kwa swali, neno, ishara, haraka au kusita, na inataja waziwazi kosa la kusita kabla ya kuweka karata uliyonayo moja tu ya aina yake. Anayejifanya kufikiri wakati hana la kufikiri ni mdanganyifu wa kawaida, na hana nafasi katika mwongozo huu.

Utakapokaa nyuma ya mlinzi kutazama, usikodolee macho karata zake peke yake. Tazama mkono wake. Karata ya 3 iliyowekwa chini ya malkia kwa mwendo uleule wa karata nyingine zote ndiyo ya daraja la juu kabisa.